Siku saba juu ya Mstari wa Kijani: Kupro kwa miguu na kwa gari

Siku ya kwanza, Jumapili: Larnaca hadi Nicosia

Jambo moja liwe limekaa sawa kichwani kabla ndege haijatua, maana ndilo litakalofafanua kila foleni, kila karatasi na kila katazo la wiki nzima. Jamhuri ya Kupro, mwanachama wa Umoja wa Ulaya tangu tarehe 1 Mei 2004, haikubali kwamba Mstari wa Kijani, ule unaokikata kisiwa, ni mpaka. Kwake yeye kisiwa chote ni nchi moja, ila kaskazini mamlaka yake hayafiki kwa sababu jeshi la Uturuki liko huko tangu lilipovamia tarehe 20 Julai 1974. Kaskazini nako, Wakupro Waturuki walikojitangazia jamhuri yao tarehe 15 Novemba 1983 na kutambuliwa na Uturuki peke yake, wanasema huo ni mpaka kama mipaka mingine yote. Basi msafiri anapita mahali pamoja penye maana mbili. Kusini hawakupigii muhuri wa kutoka, kwa kuwa hujatoka. Hatua chache mbele wanakusajili, kwa kuwa umeingia.

Kutokana na hilo, pa kutua ni Larnaca au Paphos. Uwanja wa Ercan uliopo kaskazini unafikika, lakini ndege zake zote hulazimika kugusa Uturuki kwanza, na Jamhuri humhesabu aliyeingilia huko kuwa ameingia kinyume cha sheria. Raia wa Umoja wa Ulaya huachiwa avuke kuja kusini. Mwenye pasi inayohitaji viza hurudishwa kwenye kizuizi, na kubishana na askari wa pale hakumsaidii, kwani yule hana uamuzi wowote mkononi. Wanafunzi wanaokwenda kusoma vyuo vya kaskazini ndio hunaswa zaidi na hili: wanadhani wamefika Ulaya, kumbe hata mtaa wa pili hawaruhusiwi kuuingia.

Larnaca yenyewe ni uwanja wa dharura uliogeuka kuwa wa kudumu. Uwanja mkuu wa Nicosia ulifungwa kwa vita vya 1974 ukabaki ndani ya ukanda wa Umoja wa Mataifa unaozitenga pande mbili, na huu wa pwani ukaanza kazi mwaka 1975. Kutoka hapo hadi Nicosia ni kama kilomita 50 kwa basi. Jumapili mabasi ni machache, kwa hiyo ratiba iangaliwe kabla ya kutoka uwanjani.

Jioni ni ya kazi mbili. Ya kwanza ni kupakua ramani kwenye simu, ramani isiyohitaji data, na kuandika pembeni majina mawili ya kila mahali utakapokwenda. Vibao vya kusini vinaandika Lefkosia, Keryneia, Ammochostos na Morfou. Vya kaskazini vinaandika Lefkoşa, Girne, Gazimağusa na Güzelyurt. Ni miji ileile minne, na Waingereza waliiachia majina mengine tena: Nicosia, Kyrenia, Famagusta, Morphou. Dereva anayetafuta kibao cha Kyrenia akiwa kaskazini atakizungukia kutwa nzima. Kazi ya pili ni kupanda mahali palipoinuka giza likiingia na kutazama kaskazini. Kwenye ubavu wa mlima unaoitwa Vidole Vitano kwa lugha zote mbili, Pentadaktylos kwa Kigiriki na Beşparmak kwa Kituruki, imechorwa bendera kubwa mno ya kaskazini, na usiku huwashwa taa. Imeelekezwa kusini.

Siku ya pili, Jumatatu: kwa miguu, mtaa wa Ledra

Kuna vituo tisa vya kuvukia kisiwa kizima. Viwili vipo katikati ya Nicosia na ni vya waenda kwa miguu: Ledra Palace, kilichofunguliwa tarehe 23 Aprili 2003 baada ya karibu miaka 29 ya kufungiana, na mtaa wa Ledra, ambao kaskazini huitwa Lokmacı, uliofunguliwa tarehe 3 Aprili 2008. Anza na Ledra. Ni mtaa wa maduka usio na magari. Unatembea kati ya maduka ya viatu na migahawa, ghafla maduka yanakatika na kibanda cha polisi kinasimama mbele yako.

Hatua zake ni hizi. Polisi wa Jamhuri anaweza kukuomba pasi au akakupungia mkono tu upite. Unaingia kichochoro cha makumi ya mita chache, kuta zikiwa zimezibwa kwa mbao na mabati kulia na kushoto. Huo ndio ukanda wa kati, na hapa ni mwembamba kuliko sehemu nyingi. Mwisho wake yapo madirisha ya kaskazini. Unatoa pasi, ofisa anaisoma kwenye kompyuta, anakurudishia. Zamani ulijaza kikaratasi cha viza kikagongwa muhuri badala ya pasi. Kiliondolewa mwaka 2015. Kama ofisa anataka kugonga, omba agonge kwenye karatasi ya pembeni, ni ombi walilolizoea. Raia wa Umoja wa Ulaya anavuka na kitambulisho. Wengine wote ni pasi yenyewe, na nakala au picha ya kwenye simu haikubaliki.

Makosa yanayorudia: kuacha pasi hotelini, kupiga picha pale kwenye vibanda (askari wa pande zote mbili hukuamuru uifute), na kuchagua Jumamosi mchana, wakati familia za kusini zinavuka kwenda kununua na watalii wamejaa. Jumatatu saa nne asubuhi ni dakika chache tu.

Hatua mia moja ndani ya kaskazini, fedha imebadilika. Lira ya Kituruki ndiyo ya huko, ingawa maduka karibu na kizuizi yanapokea euro. Ukilipa kwa euro, chenji utarudishiwa lira, na kwa kiwango cha muuzaji. Badili kiasi cha siku moja kwenye duka la kubadilishia fedha, usizidishe: lira imekuwa ikishuka thamani mwaka hadi mwaka, na inayobaki mfukoni ni hasara.

Simu ndiyo inayowaumiza wengi. Kifurushi cha Umoja wa Ulaya hakifanyi kazi kaskazini. Mitandao ya huko ni ya kampuni za Kituruki na gharama zake ni za nje ya Ulaya. Hadi Julai 2019 laini za upande mmoja hazikushika kabisa upande wa pili. Sasa zinashika, na hapo ndipo penye mtego: minara haijui mstari. Ukiwa umelala hoteli ya kusini, mita mia mbili kutoka ukandani, simu inaweza kunasa mnara wa kaskazini usiku kucha na kukuachia bili. Zima data ya nje ya nchi, au chagua mtandao mwenyewe kwa mkono. Namba nazo zimegawanyika: kusini msimbo ni +357, kaskazini unapiga +90 392, yaani kana kwamba unapiga Uturuki.

Ndani ya mji wa kale tenga nusu siku. Büyük Han, nyumba ya wageni ya misafara iliyojengwa na Waosmani mwaka 1572, ina ghorofa mbili za vyumba vilivyozunguka ua, na katikati kimsikiti kidogo kimesimama juu ya nguzo na chini yake chemchemi. Msikiti wa Selimiye ulianza kujengwa mwaka 1209 ukiwa kanisa kuu la Mtakatifu Sofia. Ukiutazama kwa nje unaona kanisa la Kifaransa lililoongezewa minara ya adhana.

Kahawa ni somo la dakika kumi. Kusini ukiagiza kahawa ya Kituruki utatazamwa. Inaitwa ya Kigiriki. Kaskazini ni kinyume chake. Namna ya kuipika haitofautiani hata kidogo: kahawa iliyosagwa mpaka ikawa vumbi, kikombe kimoja kidogo cha maji baridi, sukari inatiwa kabla ya moto na si baada, kisufuria chenye mpini mrefu kinakaa juu ya moto mdogo mpaka povu linapanda ukingoni, kisha kinaondolewa kabla halijapasuka. Machicha yanabaki chini ya kikombe. Kwa kuwa sukari haiongezwi mezani, lazima useme mapema. Kusini: sketos ni bila sukari, metrios ni ya wastani, glykys ni tamu. Kaskazini: sade, orta, şekerli. Kisufuria kusini ni briki, kaskazini ni cezve. Ukitaka kukwepa siasa, sema kahawa ya Kupro.

Kurudi jioni ndiko kwenye forodha. Kanuni ya Ulaya namba 866 ya mwaka 2004, iliyotungwa kwa ajili ya mstari huu tu, inamruhusu msafiri bidhaa zisizozidi euro 260, sigara 40 na lita moja ya pombe kali. Pakiti mbili za sigara, basi. Wanaopita na katoni nzima chini ya nguo hunyang'anywa na kutozwa faini. Nyama na maziwa havipiti, hata jibini. Hapa kuna kichekesho cha kisheria: jibini la kisiwa limelindwa na Umoja wa Ulaya tangu 2021 kwa majina yote mawili, halloumi na hellim, lakini kipande ulichonunua sokoni kaskazini kinaishia kwenye pipa la forodha.

Siku ya tatu, Jumanne: kati kwa kati

Siku hii haivuki mbali. Inakaa ukandani na kuangalia watu wanaouvuka kila siku.

Historia yake kwa ufupi. Desemba 1963 Wagiriki na Waturuki wa Nicosia walipigana, na jenerali mmoja Mwingereza, Peter Young, akachora kwenye ramani mstari wa kusitisha mapigano kwa kalamu ya kijani. Jina likabaki. Askari wa Umoja wa Mataifa walifika Machi 1964. Baada ya vita vya 1974 mstari uliongezwa ukawa ukanda wa kilomita 180 kutoka pwani hadi pwani, mita chache tu katika baadhi ya vichochoro vya Nicosia, zaidi ya kilomita saba mahali pengine, na umekula karibu asilimia 3 ya kisiwa. Si pori tupu: kuna mashamba yanayolimwa kwa kibali cha Umoja wa Mataifa.

Pita Ledra Palace asubuhi. Kati ya kizuizi na kizuizi kuna kama dakika tano za kutembea, na barabarani ipo hoteli iliyoipa mahali jina. Ilikuwa ya fahari, kisha kwa miaka mingi ikawa kambi ya askari wa kulinda amani. Matundu ya risasi bado yamo ukutani. Ng'ambo ya barabara kuna Nyumba ya Ushirikiano, iliyofunguliwa 2011, yenye mkahawa ambao Mgiriki na Mturuki wanaweza kukutana bila yeyote kati yao kuonyesha hati kwenye dirisha la mwenzake. Walimu na wanamuziki hufanyia mikutano hapo kwa sababu hiyo tu.

Kuta za Waveneti zilizouzunguka mji wa kale, za mwaka 1567, zina ngome 11 zilizochomoza kama meno ya gurudumu. Mgawanyo umekuwa wa ajabu: tano kusini, tano kaskazini, na moja, Flatro, imeangukia ukandani haina mwenyewe.

Chini ya ardhi hali ni nyingine. Maji machafu hayajui vita. Mji umeinama na mabomba lazima yafuate mteremko. Mwishoni mwa miaka ya 1970 meya wa kusini, Lellos Demetriades, na mwenzake wa kaskazini, Mustafa Akıncı, walikubaliana mfumo mmoja wa majitaka kwa mji mzima, wakati serikali zao hazisemezani. Mpaka leo choo kikivutwa upande wa kusini, sehemu ya maji hayo inaenda kusafishwa kaskazini, kwenye mtambo wa Mia Milia, ambao kaskazini wanauita Haspolat. Akıncı alikuja kuwa kiongozi wa Wakupro Waturuki kuanzia 2015 hadi 2020. Umeme nao umewahi kuvuka: tarehe 11 Julai 2011 makontena ya baruti yalilipuka kwenye kambi ya wanamaji ya Mari na kukiharibu kituo kikubwa cha kuzalisha umeme cha Vasilikos, na kusini ikanunua umeme kutoka kaskazini kwa miezi kadhaa. Saa za ukutani zenyewe zilitengana kwa msimu mmoja. Majira ya baridi ya 2016 kuingia 2017 kaskazini waliifuata Uturuki wakakataa kurudisha saa nyuma, ikawa mtu akivuka mtaa wa Ledra anapoteza saa nzima. Mwaka uliofuata waliachana na mpango huo.

Wavukaji wa kila siku wana ratiba zao. Alfajiri mafundi ujenzi Wakupro Waturuki wanakwenda kusini, kwenye ujira wa euro. Asubuhi wapo wanafunzi. Jioni na wikendi mkondo unageuka, watu wa kusini wanakwenda kaskazini kujaza mafuta ya gari na kununua dawa, kwa sababu kushuka kwa lira kumevifanya rahisi.

Kwenye eneo la uwanja wa ndege wa zamani, ambalo raia hawaingii hivihivi, ipo maabara ya Kamati ya Watu Waliopotea, inayoundwa na pande zote mbili. Orodha yake ya awali ilikuwa na majina 2,002: Wakupro Wagiriki 1,510 na Wakupro Waturuki 492, waliopotea 1963–64 na 1974. Mifupa huchimbuliwa, hupimwa vinasaba, kisha hukabidhiwa familia. Mkulima akigonga fupa shambani kwake, simu inapigwa hapo.

Siku ya nne, Jumatano: gari, bima na Kyrenia

Hapa ndipo pesa zinapopotea, kwa hiyo tutakaa.

Gari la kukodi likodiwe kusini. Gari lililokodiwa kaskazini haliruhusiwi kuvuka kuja kusini. La kusini linavuka, mradi mkataba haukatazi. Muulize mwenye gari waziwazi, na akubali kwa maandishi. Wengine hukataza kabisa, wengine huruhusu kwa sharti kwamba kitakachotokea huko ni juu yako. Usiridhike na "hakuna shida" ya mdomoni.

Bima kubwa uliyolipia kusini inaishia kwenye kizuizi. Kaskazini unanunua bima ndogo, ya mtu wa tatu peke yake. Maana yake ukimgonga mwenzako atalipwa, lakini gari ulilokodi likikwaruzwa, likipasuka kioo au likiibiwa, unalibeba mwenyewe. Hakuna kaunta pale inayouza bima kubwa kwa mpita njia. Anayesema anayo, msome karatasi yake.

Kituo cha magari cha Nicosia ni Agios Dometios, kaskazini wanakiita Metehan. Mpangilio wa madirisha unawachanganya wageni. Ukishawapita polisi wa kusini, usiende moja kwa moja kwenye dirisha la pasi. Egesha pembeni, shuka na kadi ya gari, pasi na fedha taslimu, nenda kibanda cha bima. Taja siku unazotaka. Huuzwa kwa muda maalumu, na ukipanga kuvuka mara kadhaa ndani ya wiki, nunua inayoitosha wiki nzima, kwani inabaki hai hata ukirudi kusini katikati. Soma karatasi kabla hujaondoka dirishani. Namba ya gari ilinganishwe herufi kwa herufi na bamba, kwa sababu karani anaandika haraka na foleni inapiga honi. O na sifuri zikibadilishana nafasi, karatasi hiyo ni ya gari lisilokuwepo. Halafu tarehe ya mwisho. Halafu saa. Ndipo urudi garini, usogee dirisha la pasi, na dereva akabidhi pasi za abiria wote pamoja na bima. Wanaokwenda kwanza dirishani hurudishwa, na kurudi nyuma ndani ya njia moja yenye magari ishirini nyuma yako si jambo la kufurahisha. Wakupro Waturuki nao wakija kusini na magari yao hufanya vilevile, wananunua bima upande wa kusini.

Ajali ikitokea kaskazini, usisogeze gari. Ita polisi wa huko, ngoja waandike, chukua namba ya kumbukumbu na jina la kampuni ya bima ya yule mwingine. Magari ya kuvuta ya kusini kwa kawaida hayaji. Kwa hiyo tairi la akiba na jeki vikaguliwe Nicosia, kabla ya kuvuka.

Uendeshaji haubadiliki: pande zote mbili mnaendesha kushoto, kilomita kwa saa, soketi za umeme za Kiingereza za matundu matatu. Mkoloni alikuwa mmoja. Kamera za mwendo kaskazini ni nyingi, na barabara ya kwenda Kyrenia, kama kilomita 25, inazo. Kibao chekundu chenye picha ya askari maana yake ni eneo la jeshi: hupigi picha, husimami. Njia ya kupanda ngome ya Mtakatifu Hilarion inapita katikati ya eneo la namna hiyo, basi haja zote zimalizwe kabla ya kona ile.

Kyrenia ina bandari ndogo ya nusu duara na ngome inayoihifadhi meli. Ni meli ya biashara ya karne ya 4 KK, iliyogunduliwa na mzamiaji wa mji huohuo, Andreas Cariolou, mwaka 1965. Ilikuwa na mitungi kama 400 na maelfu ya lozi. Mitungi imepangwa mbele yako na lozi zenyewe zipo kwenye kioo, nyeusi, na umbo lake halijapotea.

Siku ya tano, Alhamisi: Famagusta, Varosha na kambi za Mwingereza

Kutoka Nicosia hadi Famagusta ni mwendo wa saa moja kwa barabara ya kaskazini. Mji wa kale umo ndani ya ukuta. Msikiti wa Lala Mustafa Pasha ulikuwa kanisa kuu la Mtakatifu Nikolao la karne ya 14, na mbele ya mlango wake upo mkuyu mnene, husemwa ndio mti mkongwe kuliko yote kisiwani. Kivuli chake ndicho pa kupumzikia kabla ya Varosha.

Varosha, au Maraş, ulikuwa mji wa mahoteli ya ufukweni. Wakazi wake Wagiriki walikimbia Agosti 1974 na jeshi likauzungushia waya. Azimio namba 550 la Baraza la Usalama, la mwaka 1984, linakataa watu wengine kuhamia humo na linataka uwekwe chini ya Umoja wa Mataifa. Hata hivyo tarehe 8 Oktoba 2020 sehemu yake ilifunguliwa kwa watembezi, bila makubaliano ya pande mbili. Ukiingia unakanyaga lami mpya iliyotandikwa kati ya majengo yanayobomoka. Baiskeli zinakodishwa getini. Kamba zimefungwa pembezoni mwa njia, usizivuke: mbali na walinzi, vibaraza vya zege vya miaka hamsini hudondoka vyenyewe. Na ukumbuke kwamba wenye nyumba wapo hai, na wengine wanakuja na ufunguo mfukoni kutazama dirisha lao kutoka upande huu wa kamba.

Kutoka hapa kuna njia mbili za kurudi kusini. Deryneia, iliyofunguliwa tarehe 12 Novemba 2018, ni ya karibu. Strovilia, au Akyar, inakutoa kwenye ardhi ambayo si ya Jamhuri wala ya kaskazini: ni kambi ya Dhekelia, mojawapo ya maeneo mawili yaliyobaki mali ya Uingereza tangu uhuru wa 1960, kilomita za mraba 254 kwa jumla. Anayekukagua hapo ni polisi na forodha wa kambi. Masharti ya sigara na jibini ni yaleyale.

Barabara ikishuka kuelekea Larnaca, Pyla upo kando. Ni kijiji ndani ya ukanda chenye Wagiriki na Waturuki wanaoishi pamoja, chini ya macho ya Umoja wa Mataifa, na migahawa yao inatazamana kwenye uwanja mmoja. Pametulia, ila si siku zote: tarehe 18 Agosti 2023 askari wa kulinda amani walipigwa walipojaribu kuzuia ujenzi wa barabara inayotoka kaskazini kuingia kijijini.

Siku ya sita, Ijumaa: magharibi hadi Kokkina

Vuka Astromeritis, kaskazini ni Bostancı. Bustani za michungwa za Morphou zinaanza karibu mara moja. Kupitia Lefke unafika Gemikonağı, ambako gati la chuma la kupakilia madini linazidi kuliwa na kutu baharini; Wamarekani walichimba shaba hapa, na shaba yenyewe kwa Kilatini ilipata jina kutokana na kisiwa hiki. Kutoka Lefke, kituo cha Aplıç kinakurudisha kusini upesi kama siku imekuishia.

La sivyo fuata pwani hadi Yeşilırmak, uvuke kwenye kituo kilichofunguliwa tarehe 14 Oktoba 2010. Ng'ambo yake ni Kato Pyrgos. Kabla ya mwaka huo watu wa kijiji hiki waliokuwa na mgonjwa wa kupeleka Nicosia walizunguka milima ya Troodos kwa saa tatu au zaidi.

Hujamaliza, maana mbele yako ipo Kokkina, au Erenköy: kipande cha pwani kinachoshikiliwa na jeshi la Uturuki, kimetengwa na kaskazini yote. Raia wake walihamishwa 1976. Waliobaki ni wanajeshi. Barabara ya pwani inakatika, inapanda milimani, inazunguka kwa kona kali na kushuka tena Pachyammos. Kwenye ramani ni pua ndogo tu. Garini ni karibu nusu saa, hakuna kituo cha mafuta njiani, na jioni ukungu hushuka. Jaza tangi Kato Pyrgos, halafu upite mchana.

Siku ya saba, Jumamosi: Paphos

Kama kuna kadi za posta za kutuma, zile zenye stempu ya kaskazini zilipaswa kutumbukizwa Famagusta juzi; posta ya Jamhuri haizitambui. Anayetaka kukujibu kwa anwani ya huko aandike mwishoni "Mersin 10, Türkiye", kwa kuwa barua zote za kaskazini hupitia Mersin, mji wa Uturuki. Akiandika Kupro tu, barua inaweza kupotelea upande wa pili.

Rudisha gari likiwa limeoshwa, kwa sababu vumbi la Varosha hufunika mikwaruzo na pia huifanya isiyokuwepo ionekane. Uwanjani Paphos ofisa anafungua pasi na kutafuta muhuri wa kuingilia. Ni mmoja, wa Larnaca, wa Jumapili. Mara nne umevuka kwenda kaskazini na kurudi, na kurasa nyingine zote ni nyeupe. Kilichobaki cha safari hizo ni karatasi ya bima iliyokunjwa mara nne, yenye namba ya gari iliyosahihishwa kwa kalamu.